Chema Chajiuza, Lakini Kitajulikanaje?

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii nimeifundisha kwa miaka mingi katika shule za msingi, na watoto wameiandika katika madaftari yao kwa miandiko mizuri na mibaya. Ni methali ya kweli. Hata hivyo, kadiri nilivyozeeka ndivyo nilivyoona kwamba lipo jambo moja isilolisema.

Chema hujiuza siku ya kwanza, mnunuzi anapokionja. Je, siku ya pili? Chukua mtu aliyenunua asali nzuri gulioni Jumamosi. Jumamosi ya pili anarudi, anakuta wauzaji sita, na kila mmoja ana chupa zinazofanana na za mwenzake. Atakijuaje kile chema chake? Asipokijua atabahatisha, na akibahatisha vibaya atasema asali ya watu wale imeharibika, kumbe hakuinunua kwao. Hapo chema kimenyimwa haki yake, na kibaya kimekula jasho la chema. Kumwezesha mnunuzi akitambue tena kitu alichokipenda ndiyo kazi ya nembo. Mengine yote tunayoitaka nembo iyafanye, kupamba, kusifu, kueleza, ni ya ziada, na mara nyingi huizuia isifanye kazi yake.

Wazee wa pwani walikuwa na neno lao kwa jambo hili. Waliita rajamu, yaani alama ambayo mfanyabiashara hutia kwenye mali yake, hasa nguo. Siku hizi twasema chapa au nembo. Jina limebadilika, haja ni ile ile.

Haja hiyo ni ya kale kuliko maduka. Wakamba wa Kenya walikuwa wakitia alama za koo zao kwenye mizinga ya nyuki na kwenye mishale, ili mzinga uliotundikwa mbali porini ujulikane ni wa nani, na mnyama aliyepigwa ajulikane kaangushwa kwa mshale wa nani. Mjomba wangu, aliyekuwa mfuga nyuki, naye alikuwa na alama yake aliyoichoma kwa chuma cha moto ubavuni mwa mzinga: mikato miwili na mstari mmoja. Hakuwa amesoma darasa hata moja, lakini porini hakuna aliyepata kuuchukua mzinga wake kwa kisingizio kwamba hakujua.

Huko Ulaya nako alama zilianza kwa haja ya namna hiyo. Mwaka 1300 mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza alitoa sheria kwamba chombo cha fedha kisiuzwe mpaka kikaguliwe na kugongwa alama ya kichwa cha chui. Mwaka 1363 ikaongezwa kwamba kila fundi awe na alama yake mwenyewe. Ndugu msomaji, itazame sababu. Alama hizo hazikuwekwa ili kupamba. Ziliwekwa ili fundi aliyechanganya fedha na madini duni apatikane. Alama ilikuwa njia ya kumpata mwenye kosa kabla haijawa njia ya kumsifu mwenye sifa. Jambo hili naomba tulishike, maana nitalirudia.

Baada ya kujua kwa nini alama iliwekwa, tuone namna watu walivyoichora. Mwaka 1710 kilianzishwa kiwanda cha vyombo vya kauri huko Meissen, katika nchi ya Saxony, Ujerumani. Katika miaka ya 1720 kiwanda hicho kikaanza kutia alama ya panga mbili zilizokingamana, zilizotolewa katika nembo ya mtawala wa nchi. Walikuwa na mafundi wa kuchora maua na ndege wa kila aina, na wangeweza kuchora nembo yenye madoido yasiyohesabika. Wakachagua mistari miwili inayokatana. Mchoraji aliichora kwa mkono, kwa brashi, chini ya kila chombo, na kuichora hakukumpotezea muda. Tena waliichora kwa buluu ya kobalti, rangi inayostahimili moto wa tanuri, wakaiweka chini ya ule utando unaong'aa, ili isifutike kwa kuoshwa. Kwa maneno mengine, nembo ilifuata kazi. Aliyeichagua alijua chombo kitapita wapi, kwa mikono ya nani na kwa moto gani.

Sasa turudi kwetu, maana hata ukanda huu una fundisho lake. Mwaka 1833 Sayyid Said alifanya mapatano ya biashara na Marekani, na meli kutoka Massachusetts zikawa zinaleta Unguja nguo nzito ya pamba isiyopaushwa. Nguo hiyo ilipendwa mno, ikasafiri na misafara hadi bara, na jina lake la merikani lingali katika Kiswahili mpaka leo. Mwaka 1835 alifika Unguja daktari wa meli ya kivita ya Marekani, W. S. W. Ruschenberger. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1838 aliandika kwamba Waingereza walikuwa wakiiga nguo hiyo na kuigonga alama za Kimarekani, lakini wenyeji walisema kwamba ile ya Marekani ni imara na hudumu zaidi, hata wakaacha kununua kwa Waingereza kwa kuogopa kudanganywa. Kweli, daktari huyo alikuwa Mmarekani akisimulia sifa za mali ya kwao, na msimulizi wa namna hiyo husikilizwa kwa sikio moja. Lakini habari yenyewe inaeleweka. Wanunuzi wetu wa karne ya 19, ambao wengi wao hawakusoma herufi za Kizungu, walikuwa wakisoma rajamu. Na alama ilipowadanganya, hawakuitegemea tena peke yake. Walirudi kwenye nguo, wakaishika kwa vidole, wakamwangalia na muuzaji usoni.

Kwa hiyo ilionekana kwamba mwenye alama anahitaji kulindwa na sheria. Uingereza ilitunga sheria ya kusajili alama za biashara mwaka 1875, na daftari likafunguliwa tarehe 1 Januari 1876. Alama iliyoandikwa namba 1 ilikuwa ya kiwanda cha bia cha Bass, kilichoanzishwa na William Bass katika mji wa Burton-upon-Trent mwaka 1777. Ilikuwa pembetatu nyekundu, basi. Mchoraji wa Kifaransa, Édouard Manet, alipochora mwaka 1882 picha yake mashuhuri ya baa ya Folies-Bergère mjini Paris, alichora na chupa zenye pembetatu hiyo juu ya meza. Atazamaye picha hiyo leo huitambua chupa mara moja, ingawa mchoraji ameigusia tu kwa brashi. Mimi si mnywaji wa bia, lakini nikiwa mwalimu naisifu pembetatu hiyo. Mtoto wa darasa la kwanza anaijua, na mlevi akiwa ng'ambo ya pili ya chumba anaiona.

Mombasa nako wauza kanga walilifahamu jambo hili kwa njia yao. Mwanamke anunuaye kanga hutazama rangi, husoma jina, kisha macho yake huteremka kwenye maandishi madogo ya pembeni. Akikuta K.H.E. na maneno Mali ya Abdulla, yaani mali ya nyumba ya Kaderdina Hajee Essak, anajua anashika kitu gani. Kila toleo la kanga huja na mapambo yake na jina lake, lakini yale maandishi madogo hubaki. Hapa tunajifunza kwamba pambo na alama ni vitu viwili. Pambo hubadilika ili kupendeza. Alama hukaa ili kutambulika.

Watu wa rika langu wana kumbukumbu nyingine. Mwaka 1965, Tanzania Bara ilipofanya uchaguzi wake wa kwanza wa wabunge chini ya chama kimoja, mgombea mmoja alipewa alama ya jembe na mwenzake alama ya nyumba. Nilikuwa kijana, na nakumbuka wazee wakibishana kijiweni ni kipi bora, jembe au nyumba, kana kwamba wagombea wenyewe hawapo. Watu wengi hawakujua kusoma, na Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima ulikuja baadaye, mwaka 1970. Lakini hakuna aliyelichanganya jembe na nyumba. Aliyezichagua alama hizo alichagua vitu ambavyo kila mtu alikuwa amevishika au kulala ndani yake, na kila kimoja kilikuwa na jina la kutamkwa. Bidhaa ndogo inataka nembo ya namna hiyo, kwa sababu dukani kwetu mnunuzi haonyeshi kwa kidole tu, huita. Husema, "Nipe ile ya jembe." Nembo isiyo na jina mdomoni mwa watu haiwezi kuagizwa kwa mtoto aliyetumwa dukani.

Nasema haya si kwa kusoma tu. Miaka michache iliyopita kikundi cha wafuga nyuki wa kata yetu, wanawake na wanaume, wengi wao niliowafundisha, kilikuwa kikiuza asali stendi ya mabasi. Asali yao ilikuwa nzuri. Lakini wachuuzi fulani walianza kuuza maji ya sukari iliyochemshwa, yaliyotiwa asali kidogo, katika chupa kuukuu zile zile, wakidai ni asali ya kikundi. Abiria walirudi na malalamiko. Kwa kipindi cha msimu mmoja mauzo yalishuka hata baadhi ya wazazi wakashindwa kuwanunulia watoto sare za shule. Hapo ndipo walipoamua kutafuta nembo.

Kijana mmoja wa mjini mwenye kompyuta aliwachorea. Kwenye kioo ilivutia sana: nyuki juu ya ua, nyuma yake jua linachomoza, chini mikono miwili imeshikana, pembeni ramani ya nchi, na kuzunguka yote maneno ya kuisifu asali kuwa ni safi, ya asili na ya afya. Kulikuwa na rangi saba. Kikundi hakikuwa na fedha za kuchapisha rangi saba, kwa hiyo walikwenda steshenari wakatoa nakala kwa wino mweusi, wakaipunguza ikae kwenye chupa. Jua likawa doa. Ramani ikawa doa jingine. Nyuki akawa nzi. Mteja mmoja aliuliza, bila mzaha, kwa nini wameweka picha ya nzi kwenye asali.

Katibu wa kikundi, binti niliyemfundisha hesabu, alikuja nyumbani. "Shikamoo, Mwalimu. Tufanyeje?" Nikamwambia kwamba kijana yule ni fundi hodari, lakini alichora kitu cha kutazamwa kwenye kompyuta, nao wanahitaji kitu cha kugonga kwenye chupa, kwenye kifuniko, kwenye ndoo ya lita 20 na kwenye kreti la mbao. Tukakaa na kamati, tukajiwekea masharti. Nayaandika hapa kwa faida ya mwenye sabuni, mwenye siagi ya karanga au mwenye viatu vya ngozi anayefikiria jambo hili hili.

Kwanza, ichorwe kwa mweusi mtupu. Ikihitaji rangi ili ieleweke, bado haijawa nembo. Pili, ieleweke ikiwa ndogo kama ukucha wa kidole gumba, na ieleweke mtu akiwa ng'ambo ya barabara. Tatu, iwe na jina moja ambalo kila mtu atalitamka. Nne, iweze kutengenezwa kwa zana tulizo nazo: mhuri wa mpira, kitambaa cha kuchapia na chuma cha moto. Tano, isiwe sifa ya bidhaa. Maneno kama asali safi ni ya kila muuza asali, na hata sheria haipendi kumpa mtu mmoja neno ambalo wenzake wote wanalihitaji.

Mapendekezo yalikuwa mengi. Wengine walitaka simba, wengine mlima. Kila mfugaji alikuwa na alama yake ya mizingani na alitamani ichukuliwe hiyo. Mwishoni mama mwenyekiti alisema, "Sote tunapanda ngazi." Ngazi! Miti miwili iliyosimama na vipago vitatu. Inachorwa kwa mistari mitano iliyonyooka, na kipande cha nondo kinatosha kuichoma kwenye mbao. Tena ina faida ambayo hatukuifikiria mpaka siku ya kugonga mihuri: ngazi ikigeuzwa juu chini ni ngazi vile vile, kwa hiyo mhuri haukosewi.

Tuliifanyia mtihani. Niliwaonyesha watoto wa darasa la pili kwa muda mfupi, pamoja na ile ya nyuki na jua. Kesho yake nikawaomba wachore mchangani kwa vijiti kile walichokiona. Ngazi waliichora karibu wote. Ile nyingine, kila mtoto alichora kipande chake, huyu jua, yule mikono. Kijana wa kompyuta alikuwapo, akacheka, akakubali. Baadaye ndiye aliyeinyoosha ngazi yetu, akapanga unene wa mistari ili wino usizibe nafasi za kati. Ufundi wake ulihitajika sana. Ulikuwa umetangulia tu mbele ya haja.

Walikuwapo waliosema ngazi haina maana, haielezi asali. Niliwapa mfano wa Nike. Mwaka 1971 kampuni hiyo changa ya viatu ilimlipa mwanafunzi wa Portland State University, Carolyn Davidson, dola 35 kwa kuchora ule mkunjo tunaouona leo kila mahali. Mwaka 1983 walimkumbuka, wakampa hisa na pete. Mkunjo ule siku ya kwanza haukuwa na maana kwa mtu yeyote. Maana iliingizwa na viatu vyenyewe na wakimbiaji waliovivaa, mwaka baada ya mwaka. Nembo ni kama kibuyu kitupu. Usikidai maji siku unayokinunua.

Kisha wakaisajili. Tanzania Bara tunayo Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, na wakala anayesajili ni BRELA. Usajili wa kwanza hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kila baada ya miaka 10. Zanzibar ina usajili wake, na mwenye kuuza pande zote mbili hana budi kulijua hilo mapema. Gharama ilikuwa nzito kwa kikundi, lakini walichanga. Wachuuzi wa stendi walipoonyeshwa cheti waliacha kudai kwamba mali yao ni ya kikundi.

Ningeweza kuishia hapo, na ingekuwa hadithi njema. Lakini nilisema nitarudia jambo la mafundi wa fedha. Alama humlinda mwenye mali, na pia humfunga. Msimu wa pili baada ya ngazi, mzee mmoja, miongoni mwa waanzilishi wa kikundi, alileta ndoo ya asali iliyovunwa kabla ya kuiva. Masega mengi yalikuwa hayajazibwa na nyuki, na asali ilikuwa nyepesi. Asali ya namna hiyo ina maji mengi, huchacha ikikaa. Katibu aliinua mwiko, akaitazama inavyotiririka, akaweka mwiko chini. Watu wote walinyamaza.

"Mjukuu wangu," mzee akasema, "mimi ndiye niliyekuonyesha mzinga ulivyo."

"Ndiyo, babu," akajibu kwa heshima. "Lakini ngazi hii si yangu wala si yako. Nikiigonga kwenye ndoo hii, nitakuwa nimeigonga na kwenye ndoo za wenzetu wote."

Mzee alibeba ndoo yake akaondoka. Msimu mzima hakuja mkutanoni. Katibu aliniambia alilia usiku ule, na sikuwa na maneno ya kumfariji, kwa sababu alikuwa amefanya haki na haki ilikuwa imemuumiza mtu anayempenda. Lakini nilielewa kwamba siku ile ndipo nembo yao ilipozaliwa. Ile tuliyoichora chini ya mwembe ilikuwa mistari mitano tu.

Siku hizi vijana huniuliza, wakiwa na bidhaa zao ndogo, wachague rangi gani na herufi gani. Ni maswali mazuri, na majibu yake hayako mbali: chora kidogo, chora kwa mweusi, mwonyeshe mtoto. Lakini nawaomba watangulize swali jingine. Kabla hamjauliza nembo yenu iweje, ulizaneni ni ndoo ya nani mko tayari kuirudisha.